Sauti sahihi na sauti tamu: sikio limfuate nani?

Wimbo ni uleule. Mwanamke anaimba, gitaa moja linamfuata, na nyuma yao kuna gitaa la besi linalopigwa kwa utulivu. Nimeusikiliza mara nyingi mno hivi kwamba najua mwimbaji anavuta pumzi wapi kabla ya ubeti wa pili. Juzi niliusikiliza kwa hedifoni mbili, moja baada ya nyingine, mlango nimeufunga na taa nimezipunguza. Ya kwanza ilinipa ile pumzi waziwazi, ikanipa na mkwaruzo wa vidole vikihama kwenye nyuzi, na besi ikatulia mahali pake. Ya pili iliimeza pumzi yote. Lakini besi yake ilikuja nene, ya joto, ikanijaa kichwa kizima, na mguu ukaanza kugonga sakafu kabla sijajua. Ukiniuliza ipi ilikuwa sahihi zaidi, nitakujibu bila kusita kwamba ni ya kwanza. Ukiniuliza ipi nilichelewa kuivua, ni ya pili.

Ugomvi wa wapenda sauti umekaa hapo miaka nenda rudi. Kuna wanaosema kazi ya hedifoni ni kufikisha kilichorekodiwa, kama tarishi anavyofikisha barua: hafungui bahasha, haongezi neno, hapunguzi neno. Na kuna wanaosema muziki si barua ya ofisini, mtu huvaa hedifoni ili roho yake itulie, na kipenda roho hula nyama mbichi. Msimamo wangu nitausema mapema ili msomaji ajue nampeleka wapi: hedifoni ianze kwa kuwa sahihi, kisha anayeisikiliza aongeze raha kwa mkono wake mwenyewe. Ila kuufikia msimamo huo kumenilazimu kukubali mambo mawili matatu ambayo kambi ya usahihi haipendi kuyasikia.

La kwanza ni kwamba neno lenyewe, sahihi, ni gumu kuliko linavyoonekana. Kwenye amplifaya halina utata. Unaingiza mawimbi ya umeme upande huu, unapima yanayotoka upande ule; yakitoka vilevile ila yakiwa na nguvu zaidi, kazi imekamilika. Grafu yake, inayoonyesha nguvu ya kila sauti kuanzia nzito hadi nyembamba, ni mstari ulionyooka kuanzia hezi 20, yaani mitetemo 20 kwa sekunde, hadi hezi 20,000, ambao ndio upeo wa sikio la kijana mwenye afya. Wengi hudhani hedifoni nzuri nayo ikipimwa sikioni itatoa mstari kama huo. Haiko hivyo, na sababu iko kwenye sikio lenyewe.

Mtu akizungumza mbele yako, sauti yake haifiki kwenye kiwambo cha sikio kama ilivyotoka mdomoni. Inagonga mabega, inazunguka kichwa, inapita kwenye mikunjo ya sikio la nje, halafu inaingia kwenye mfereji mwembamba wenye urefu wa kama sentimita 2.5, uliozibwa mwisho mmoja. Mfereji wa namna hiyo hufanya kazi kama filimbi: una noti yake ambayo huivumisha kuliko nyingine. Kwa watu wazima noti hiyo iko karibu na hezi 3,000, na sauti za eneo hilo hufika kwenye kiwambo zikiwa zimepanda kwa zaidi ya desibeli 10, desibeli zikiwa kipimo cha ukubwa wa sauti. Ubongo umeizoea hali hiyo tangu utotoni, na kwake hiyo ndiyo kawaida. Sasa vaa hedifoni. Mabega hayapo tena njiani, kichwa hakipo, na sauti inatoka kwenye spika ndogo iliyo sentimita chache tu kutoka sikioni. Ikikupa mstari ulionyooka pale kwenye kiwambo, ubongo utahisi upungufu mahali palepale ulipozoea ongezeko. Mwimbaji atasikika kama yuko chumba cha pili, anaimba nyuma ya pazia.

Kwa hiyo hedifoni sahihi ni lazima iwe na kilima kwenye grafu. Kilicho­wasumbua wahandisi ni kilima cha urefu gani, na mteremko wa namna gani kila upande.

Jibu la mwanzo lilitafutwa kwenye chumba kisicho na mwangwi: mkalishe mtu mbele ya spika moja, pima kinachofika sikioni mwake, kisha itengeneze hedifoni ifanane na hicho. Masikio hayakuridhika. Katika miaka ya 1980 mhandisi Mjerumani Günther Theile akatetea njia nyingine, ya kupima sauti inayomfikia mtu kutoka pande zote kwa usawa, kana kwamba amesimama katikati ya ukumbi uliojaa mwangwi. Njia hiyo ilitawala hedifoni za studio kwa muda mrefu, na hedifoni zilizoifuata zilisifiwa kwa usahihi. Hata hivyo wasikilizaji wengi walizisikia kavu na kali, besi yake kama imekatwa miguu.

Kuanzia mwaka 2012, Sean Olive na Todd Welti, watafiti wa Harman, kampuni ya vifaa vya sauti ya Marekani, walianza kuchapisha matokeo ya kazi yao kuhusu jambo hili. Walianza na wazo ambalo ukilisikia unajiuliza kwa nini lilichelewa: muziki ulio mwingi hutengenezwa na watu wanaousikiliza kwa spika mbili ndani ya chumba. Basi hedifoni sahihi ni ile inayosikika kama spika nzuri ndani ya chumba kizuri. Chumba chenyewe huongeza besi, kwa sababu mawimbi marefu hurudi kutoka kwenye kuta na sakafu, na ndiyo maana hedifoni isiyo na nyongeza hiyo husikika imekonda. Wakachukua vipimo, kisha wakawapa wasikilizaji uwezo wa kupandisha na kushusha besi na sauti za juu mpaka kila mmoja aridhike. Mstari uliotokana na kazi hiyo umerekebishwa mara kadhaa, na toleo la 2018 ndilo linalotumika sana leo kupimia hedifoni kubwa za kufunika sikio.

Hapa naomba tusimame kidogo. Kipimo ambacho wapenda usahihi wengi wanakitumia leo kuhukumu hedifoni za watu kilipatikana, kwa sehemu kubwa, kwa kuwauliza watu wanapenda nini. Anayekuja na grafu mkononi akisema "hii imekosea desibeli 4 kwenye besi" hajaleta sheria ya fizikia. Ameleta wastani wa ladha ya binadamu wenzake. Nilipolielewa jambo hili mara ya kwanza liliniudhi, kwa sababu nilikuwa mmoja wa wanaotembea na grafu.

Lakini wapenda raha wasishangilie mapema, maana utafiti huohuo una la kwao. Ladha za watu hazikutawanyika kila mmoja na njia yake, kama tunavyopenda kusema. Olive na wenzake waliwajaribu wasikilizaji wa Marekani, Kanada, Ujerumani na China, vijana kwa wazee, waliofundishwa kusikiliza na wasiofundishwa, na walio wengi walielekea kwenye mstari uleule. Katika uchambuzi wa baadaye waliwagawa watu makundi matatu: asilimia 64 walipenda hedifoni zinazoukaribia mstari huo, asilimia 15 walitaka besi zaidi, na asilimia 21 walitaka besi pungufu. Yaani tofauti kubwa iliyowagawa watu ilikuwa ni kiasi cha besi tu. Hakuna kundi lililojitokeza likipenda hedifoni yenye shimo kwenye sauti za kati, au yenye mwiba mkali kwenye sauti za juu. Makosa ya namna hiyo hayana mashabiki wengi pale mtu anaposikiliza bila kujua anasikiliza nini.

Maneno hayo ya mwisho yana uzito. Floyd Toole, aliyefanya utafiti wa spika katika Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada kwa miaka mingi kabla ya kujiunga na Harman mwaka 1991, alijenga kazi yake yote juu ya pazia. Spika zinafichwa, sauti zinalinganishwa ziwe na ukubwa sawa, msikilizaji anatoa alama. Mwaka 1994 yeye na Olive walichapisha jaribio ambalo spika zilezile zilisikilizwa mara mbili, zikiwa zimefichwa na zikiwa zinaonekana. Kulikuwa na mfumo mmoja mdogo, wa bei nafuu, ambao ulipata alama nzuri nyuma ya pazia. Watu walipouona, alama zake zikashuka. Sauti haikubadilika hata chembe. Macho ndiyo yaliyobadilisha hukumu. Na hao hawakuwa watu wa kubahatisha, walikuwa wafanyakazi wa kampuni ya sauti.

Kwa hedifoni pazia halisaidii, kwa sababu kichwa chenyewe ni shahidi: kinajua uzito, kinajua mto ni wa ngozi au wa kitambaa, kinajua ile chuma inabana kiasi gani. Watafiti wa Harman walilizunguka tatizo hilo kwa kutumia hedifoni moja, kisha kuichuja kwa kompyuta iige grafu za hedifoni nyingine. Msikilizaji anakuwa amevaa kitu kilekile muda wote, na kinachobadilika ni sauti tu. Ni hila nzuri. Nayo ina bei yake, kwa sababu inatoa pembeni mambo ambayo mvaaji halisi hayakwepi, kama joto la mto, uzito baada ya saa mbili, na sauti ya nje inayopenya.

Nimesema kipimo cha usahihi kimechanganyika na ladha. Upande wa studio nao hauko safi kuliko hapo. Kuna msemo wa wapenda usahihi kwamba wanataka kusikia alichokisikia msanii na prodyuza wake siku ya kumaliza wimbo. Ni matamanio ya heshima, lakini je, prodyuza alisikia nini? Toole aliueleza mzunguko huu vizuri: tunazihukumu spika kwa kutumia rekodi, na rekodi hizo zilitengenezwa na watu waliozihukumu kwa kutumia spika. Mfano ulio maarufu kuliko yote ni Yamaha NS-10. Ilitoka mwaka 1978 ikiwa spika ya nyumbani na wakosoaji hawakuipenda. Besi yake ni haba, sauti za kati zimejitokeza mbele, na sauti za juu zilichoma kiasi kwamba baadhi ya watu wa studio waliitundikia karatasi laini ya msalani mbele ya spika yake ndogo. Bado ndiyo ilikaa juu ya meza za studio nyingi mashuhuri duniani mpaka Yamaha ilipoacha kuitengeneza mwaka 2001. Waliofanya kazi nayo hawakuitumia kwa utamu. Waliamini kwamba wimbo ukisimama vizuri hapo, utasimama popote. Sasa rekodi iliyosawazishwa kwenye spika yenye besi haba, ukweli wake ni upi? Ni ule uliosikika kwenye NS-10, au ni ule uliokusudiwa usikike kwenye spika za watu wengine wote? Mimi nasema ni huo wa pili, na ndiyo maana hedifoni inayoiga spika nzuri za kawaida ina madai makubwa zaidi kuliko inayoiga studio fulani. Lakini nakiri kwamba hapo nimechagua. Sikupima.

Twende upande wa raha, kwa sababu una hoja moja nzito ambayo haitajwi vya kutosha. Mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson wa Bell Labs, maabara ya utafiti wa simu ya Marekani, walionyesha kwamba sikio halisikii masafa yote, yaani sauti nzito na nyembamba, kwa usawa, na kwamba kutokuwa sawa huko kunabadilika kadiri sauti inavyopanda au kushuka. Ukipunguza sauti, besi hupotea haraka kuliko sauti za kati. Rekodi iliyosawazishwa kwa sauti kubwa studioni ukiisikiliza usiku kwa sauti ya chini, usawa wake haupo tena, hata kama hedifoni yako haina kosa lolote kwenye grafu. Mtu akipandisha besi kidogo wakati huo hajaipotosha rekodi. Ameirudisha karibu na ilivyokuwa.

Hivyohivyo kwenye kelele. Ndani ya basi au ndege, mngurumo wa injini umejaa chini, kwenye masafa ya besi, nao hufunika besi ya wimbo kabla haujagusa kitu kingine. Hedifoni iliyo sahihi chumbani inageuka kuwa nyembamba barabarani. Wakati Beats ilipotoa hedifoni yake ya kwanza mwaka 2008, wajuzi waliicheka kwa besi yake iliyovimba, na kwa kigezo cha chumba kimya walikuwa na haki. Lakini vijana walioinunua hawakuivaa kwenye chumba kimya. Waliivaa njiani, kwenye kelele, wakisikiliza muziki ambao besi ndiyo uti wake wa mgongo. Apple ilipoinunua kampuni hiyo mwaka 2014, haikununua upumbavu wa watu. Sipendi sauti ya hedifoni zile za mwanzo, na sitajifanya naipenda kwa sababu tu naelewa kwa nini ilipendwa. Lakini kuelewa kunanizuia kuidharau.

Sasa nieleze kwa nini, pamoja na hayo yote, nimebaki upande wa usahihi.

Miaka michache iliyopita nilihariri mahojiano ya dakika 40 niliyomfanyia mzee mmoja. Hedifoni niliyokuwa nayo ilikuwa ya raha hasa: besi nene, sauti za juu zimelazwa zisisumbue. Sauti ya mzee ikanijia nzito mno, kama anaongea ndani ya pipa, nikaipunguza besi. Herufi zake za "s" zikasikika butu, nikaziongezea makali. Nilifanya kazi hiyo jioni nzima na nikalala nimeridhika. Asubuhi nikaiweka kwenye spika ya kawaida. Mzee alikuwa anaongea kwa sauti ya kopo tupu, na kila "s" ilipiga kama mluzi. Nilikaa nikalisikiliza sentensi moja, ile anayotaja jina la mama yake, mara tano au sita. Jina hilo lina "s" mbili. Nilikuwa nimeichukua sauti ya mtu aliyeniamini nikaiharibu, kwa kurekebisha makosa ambayo hayakuwa yake. Yalikuwa ya hedifoni.

Unaweza kusema hayo ni mambo ya kazi, na msikilizaji wa kawaida hahariri chochote. Ni kweli. Lakini kilichonipata kazini kinampata yeye pia, ila hana spika ya asubuhi ya kumwonyesha. Rangi iliyopakwa kiwandani hupakwa juu ya kila wimbo. Besi ileile inayompa uhai mpiga ngoma aliyerekodiwa vibaya ndiyo inayomzamisha mpiga gitaa la besi aliyerekodiwa vizuri. Isitoshe, sauti nzito ikiwa na nguvu kupita kiasi huzifunika zilizo juu yake, na si zilizo chini. Sikio la ndani limeumbwa hivyo. Ile pumzi ya mwimbaji niliyoitaja mwanzo haikuondolewa na hedifoni ya pili. Ilikuwepo, imefukiwa. Na mtu anayetaka kusikia kilichofukiwa hufanya jambo moja tu la haraka, anaongeza sauti. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi saa 40 kwa wiki kwenye desibeli 80, na kila ongezeko la desibeli 3 linakata muda huo katikati. Sikio likishaharibika halirudi, na hapo mjadala wa usahihi na raha unakuwa hauna mwenyewe.

Kuna jambo linaloniumiza zaidi kwa wale wanaojiita wajuzi, nami nikiwa mmojawapo. Hedifoni nyingi za kifahari zinauzwa kwa jina la usahihi ilhali zina rangi kuliko zile za vijana. Mwaka 2017 mtafiti Jeroen Breebaart alichapisha ulinganisho wa hedifoni 283 na hakukuta uhusiano wowote wa maana kati ya bei na mwenendo wa masafa. Aliyelipa sana hakuwa amenunua usahihi zaidi. Pengine alinunua mbao nzuri, ngozi laini na kamba iliyosukwa, vitu ambavyo ni halali mtu kuvipenda, mradi visiitwe ukweli wa sauti. Chukua pia amplifaya za vali, zile zinazotumia mirija ya kioo ya kizamani. Wapo wanaozisifu kwamba zinaleta joto, na wapo wanaosema joto hilo ni ndoto. Wa kwanza hawaoti. Amplifaya nyingi za aina hiyo zina ukinzani mkubwa wa umeme kwenye mlango wa kutokea, na hedifoni kama Sennheiser HD 600 ya mwaka 1997 ina ukinzani unaopanda sana karibu na hezi 100. Ukiziunganisha, hesabu ya umeme yenyewe inapandisha besi ya eneo hilo. Joto lipo, linapimika, na linaweza kupatikana kwa kusogeza kitufe kimoja cha ekwalaiza, kile chombo cha kupandisha na kushusha besi na sauti nyingine. Kinachonikera ni mtu kuambiwa kwamba joto hilo ni rekodi "inayofunguka" wakati ni besi iliyoongezwa.

Ekwalaiza, basi. Ndiyo njia ninayoitumia: naanza na hedifoni iliyo karibu na mstari, halafu najiongezea besi ninapoitaka. Nikichoka na nyongeza hiyo naiondoa, na rekodi inarudi kama ilivyo. Hedifoni iliyovimbishwa kiwandani haiwi rahisi hivyo kuivua uvimbe wake, hasa kama spika yake ndogo inakwaruza besi ikizidi, au sauti zake za juu zina miiba myembamba isiyokamatika. Lakini nisiifanye ekwalaiza kuwa dawa ya kila ugonjwa. Vaa miwani, kisha sogeza mguu wa miwani milimita chache juu ya sikio, pale unapopenya chini ya mto wa hedifoni. Utasikia besi ikitoka kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. Hakuna hesabu ya kompyuta inayojua leo umevaa miwani gani. Na juu ya hezi 8,000 mambo ni magumu zaidi, kwa sababu kila sikio lina mikunjo yake, na mwiba ulioonekana kwenye sikio la mpira la maabara unaweza usiwepo kwenye langu, au uwe umehama. Anayenakili marekebisho ya watu wengine kwa eneo hilo anavaa miwani ya jirani. Huko juu sikio la mwenyewe ndilo la kuaminiwa, kwa uvumilivu, kwa wimbo anaoujua, na sauti zikiwa zimelinganishwa, maana desibeli moja tu ya ziada hufanya hedifoni ionekane bora kuliko mwenzake.

Wapo watakaonijibu kwamba watu wengi hawatagusa ekwalaiza maishani mwao, na hawapaswi kulazimishwa. Wana haki. Kwa mtu huyo, hedifoni inayompendeza tangu anapoivaa ni bora kuliko iliyo sahihi inayolala kwenye droo. Ningemshauri mambo mawili tu: aijaribu kwa nyimbo za aina tatu nne tofauti, na asiihukumu siku hiyohiyo. Sauti iliyotiwa chumvi hupendeza haraka. Ukiisikiliza wiki nzima ndipo unapojua kama inakuchosha. Na asilimia 15 wanaotaka besi zaidi hawana ugonjwa wowote unaohitaji kutibiwa na sisi wengine.

Ninaowadai ni watengenezaji. Kwenye boksi la hedifoni huandikwa masafa, tuseme "hezi 5 hadi 40,000", na mnunuzi hudhani ameambiwa kitu. Bila kuandika sauti inapanda na kushuka kwa desibeli ngapi katikati ya tarakimu hizo, hajaambiwa lolote: hedifoni mbovu kabisa inaweza kutoa mnong'ono kwenye hezi 40,000 ikastahili maandishi hayo. Wanayo grafu, kwa sababu hakuna anayetengeneza hedifoni bila kuipima. Waichapishe ubavuni mwa boksi, na pembeni yake mstari wa kulinganishia, waseme tumeongeza besi hapa kwa makusudi, tumepunguza pale. Anayetaka besi nene ataiona na kuichukua kwa furaha, na anayekwenda kuhariri sauti ya mzee wa watu ataiona na kuirudisha rafuni.